Bosi Ametulia

Wifi yangu ni fundi wa sare za shule. Sketi ya marinda ikitoka mkononi mwake inakaa kiunoni yenyewe, haihitaji pini wala mkanda. Ni mke wa kaka yangu, dereva wa lori, ambaye nyumbani anapita kama mgeni. Mimi ni msusi, na kibaraza ninachosukia kimepakana na chumba cha cherehani yake, kwa hiyo tunasikiana siku nzima. Yeye ni mpole. Mimi si mpole, na sijawahi kumdanganya mtu kuhusu hilo. Wifi akiwa na neno la kukulaumu, anakuomba radhi kwanza. Mimi nikiwa nalo, mtaa mzima unalipata.

Binti yake wa pekee anaitwa Bosi. Jina hilo nilimpa mimi, shangazi mtu. Alizaliwa kwa shida akachelewa kulia, na tangu hapo mwili wake umekuwa na mambo mengi: kifafa, misuli inayokaza hadi miguu inapishana kama mkasi, kifua kinachobana kwa sababu ndogo tu, na koo lisilojua kumeza vizuri. Hatembei, hasemi. Lakini mkono wa kulia ulikuwa wake. Wifi aliufundisha mkono ule kwa miaka, kwa vifungo, kwa vipande vya vitambaa vya rangi kali, kwa chochote kilichoanguka chini ya cherehani, mpaka siku moja mtoto akaunyanyua na kuelekeza kile alichokitaka. Kuanzia hapo hatukupumua. Mkono ukielekea dirishani, lifunguliwe. Ukielekea kwangu, niache kichwa cha mteja nusu, niende nikaimbe. Ukielekea kwa baba yake aliyerudi jana na kesho anaondoka, ainuke, ambebe, achoke asichoke. Mtoto hajaota meno ya ukubwani, anaendesha watu wazima watatu kwa kidole. Utamwitaje?

Sasa nieleze habari ya hospitali, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Hospitali yetu kubwa ina daktari wa kila kitu, na Bosi ana siku ya kila kiungo. Jumatatu ni kifafa. Jumatano ni misuli na mazoezi. Alhamisi ni kifua. Ijumaa, mara mbili kwa mwezi, ni lishe na kumeza. Kila kliniki ina mlango wake, benchi lake na faili la rangi yake, na swali lake la kwanza ni lile lile: "Mama, mtoto ana shida gani?" Utadhani wamekutana naye njiani. Wifi anaanza upya tangu siku ya uchungu, kwa sauti ile ile, bila kuruka kitu. Nilimwambia ajirekodi kwenye simu awe anawachezea tu huku yeye akipumzika. Akacheka, akaniambia nisimtie maneno ya ajabu kichwani. Lakini mimi sikuwa natania. Kuna siku ya kichwa, siku ya miguu na siku ya mapafu, ila siku ya mtoto mzima haipo.

Isitoshe, kliniki zote ziko ghorofani. Lifti imebandikwa karatasi ya "Inatengenezwa", na karatasi yenyewe sasa inahitaji kutengenezwa. Kiti cha magurudumu kinaishia kwenye ngazi. Tunambeba Bosi wawili, mimi miguu, wifi mabega, tukifika juu jasho linatutoka kama tumetoka shambani. Halafu mlangoni tunaambiwa msindikizaji ni mmoja tu. Wifi anaingia, mimi nabaki benchini nikihesabu vigae na kuwakunjia uso wapita njia.

Mambo yaliharibika polepole, na kwa nia njema, ndiyo maana yananiuma. Daktari wa misuli alimwandikia Bosi dawa ya kulegeza, miguu ikalegea kweli. Daktari wa kifafa akamwongezea dawa, kifafa kikapungua kweli. Daktari wa kifua akaona mate yanamtoka sana na kumpalia, akaandika ya kuyakausha, yakakauka kweli. Kila dawa ilifanya kazi yake vizuri. Na Bosi akaanza kuondoka.

Sijui niseme vipi. Hakuwa na homa, wala hakulia. Alilala tu. Akiamka, macho yanakupita kama umesimama nyuma ya kioo chenye vumbi. Mkono ukabaki mapajani. Tulifungua dirisha, tukalifunga, hakuna aliyejali. Baba yake alikuja, akasimama mbele yake akingoja kuamrishwa, hakuamrishwa kitu, akatoka nje kwenda kufuta kioo cha lori ambacho kilikuwa safi. Kula ikawa mpaka umtikise. Analishwa nusu macho nusu usingizi, chakula kinapita njia isiyo yake, kifua kinajaa, tunarudi Alhamisi. Safari ya mwisho daktari wa kifua alimwambia wifi waziwazi: kifua hiki kikijaa tena namna hii, sina hakika tutamrudisha.

Wifi alinisimulia hayo akiwa ameshika sindano, akijaribu kuingiza uzi tundu lisiloonekana.

"Unawaambia lakini?" nikamuuliza. "Unawaambia mtoto amekuwaje?"

"Nawaambia."

"Wote?"

"Wote, wifi. Kila mlango nasema."

Basi nikaamua madaktari wale ni viziwi. Nikawachukia mmoja mmoja, na yule wa kifafa nikamchukia zaidi kwa sababu ana miwani anayoivaa kwenye paji la uso, kana kwamba wagonjwa wanakaa darini.

Jumatatu moja Bosi alikuwa amelegea kupita kiasi. Mtoto aliyelala ni mzito kuliko aliye macho, aliyewahi kubeba anajua. Tulipofika mlangoni muuguzi alituona tunavyohema, akamwangalia mtoto kichwa kinavyoning'inia, akasema haya, ingieni wote. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba kile. Meza, kitanda chembamba chenye shuka la karatasi, picha ya ubongo ukutani imechanika pembeni.

"Karibu mama," daktari akasema, kalamu tayari. "Mtoto anaendeleaje?"

Wifi akamweka Bosi sawa mapajani. Akainama. Sauti ikamshuka mpaka chini kabisa, sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba.

"Ametulia, daktari. Siku hizi ametulia sana."

"Hongera!" Daktari akatabasamu meno yote. "Hongera sana mama, unajitahidi. Sasa uzito umepanda kidogo, na dawa tuipandishe kidogo, tusije tukapoteza mafanikio haya."

"Asante, daktari," wifi akasema, na machozi yakamlengalenga. Daktari akayaona. Akasogeza boksi la karatasi laini kwa upole, akidhani ni furaha.

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukanipasuka. Miezi yote ile yule mwanamke alikuwa akizunguka mlango hadi mlango akilia kwa neno moja, na kila mlango ulisikia shukrani. Nyumbani kwetu ukisema Bosi ametulia, tena kwa sauti ile, kila mtu ataweka chini alichoshika aje kuona kuna nini. Bosi atulie? Bosi huyu? Lakini ndani ya chumba kile, mtoto wa kifafa aliyetulia ndiye habari njema kuliko zote. Wanaandika ametulia, wanapongeza, wanaongeza dawa. Anarudi ametulia zaidi.

"Hongera ya nini?" nikauliza.

"Wifi," wifi akaninong'oneza.

"Hapana, niache. Daktari, hongera ya nini?"

"Dada, tafadhali. Mama mwenyewe amesema mtoto ametulia."

"Ametulia kama nyumba waliyohama watu! Huyu mama anakulilia, wewe unampa hongera!"

Najua nilipaza sauti, maana muuguzi alichungulia. Daktari hakukasirika, nitampa haki yake. Alimgeukia wifi, akauliza taratibu, "Mama, ulikuwa unamaanisha nini?"

Wifi alimwegemeza Bosi kichwa kifuani mwake.

"Nilimaanisha hayupo, daktari."

Kalamu ikawekwa chini. Miwani ikashushwa machoni, kwa mara ya kwanza nikaona inafanya kazi. Akaja upande wetu wa meza, akamwita Bosi kwa jina la kwenye faili, akamfinya kidole, akamfungua kope. Kisha akauliza mtoto anatumia dawa gani nyingine. Wifi akafungua mkoba, akazipanga chupa mezani.

"Hii imetoka wapi?"

"Ya Jumatano."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya Alhamisi."

Daktari akazisogeza pamoja na yake. "Mama, zote tatu zinaleta usingizi. Kila moja peke yake inaleta usingizi. Mbona hukuniambia anapewa hizi?"

"Nilijua mnaambiana."

"Nani na nani?"

"Nyinyi," wifi akasema, akimshangaa. "Si mnakaa nyumba moja?"

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli nisingeumia. Kwetu ukimwambia mmoja wa nyumba, umeiambia nyumba. Ukimkosa mume unamwachia mke ujumbe, ukimkosa mke unamwagiza mtoto, na jioni wote wanajua. Wifi aliiona hospitali hivyo. Paa moja, lango moja, makoti ya aina moja, wanasalimiana kwenye ngazi. Ingemwingiaje akilini kwamba mlango wa pili haujui alichopewa mlango wa nne?

"Basi punguza," nikamwambia daktari. "Sasa hivi."

Akakuna kichwa. Ya kwake, alisema, akiipunguza kwanza kifafa kitarudi kwa nguvu. Afadhali aanze na ile ya misuli. Lakini hawezi kugusa dawa ya mwenzake. Twende Jumatano tukamweleze. Huyo mwenzake mlango wake ulikuwa unaonekana kutoka pale nilipokaa.

Tukaenda Jumatano. Daktari wa misuli, mwanamke mwenye mikono ya haraka, akasema dozi yake ni ndogo, akiipunguza miguu itakaza, nyonga itachomoka, tuanze na ya kifafa. Tukaenda Alhamisi. Yule wa kifua akasema ya mate haina neno, tatizo ni hizo mbili. Tulipigwa danadana juma zima, tukipanda ngazi na kushuka na mtoto aliyelala. Na Alhamisi hiyo hiyo, tukiwa njiani kurudi, nikasikia kifuani mwa Bosi mlio kama wa maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa. Wifi naye aliusikia.

Jumatatu iliyofuata niliamka nimejiandaa. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, mengine nimeyatunga mwenyewe. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Tulipomaliza ngazi, wifi hakwenda kwenye benchi. Alitandika shuka katikati ya korido, kati ya milango yote ile, akaweka mto, akamlaza Bosi kwa ubavu, akakaa sakafuni kando yake. Watu wakaanza kuwaruka. Sista mkuu akatokea, mwanamke ambaye hata walinzi wanamwogopa.

"Mama, unaziba njia."

"Naona, sista. Naomba radhi." Bila shaka, radhi kwanza. "Lakini leo mtoto hahami. Nimembeba mlango hadi mlango, nimechoka, na yeye amechoka. Wenye miguu mizima ndio waje."

"Waje wapi?"

"Hapa. Wote watatu."

"Wa misuli na wa kifua hawana kliniki Jumatatu."

"Wa kifua yuko chumbani mwake, wa misuli yuko wodini. Nimewaona wanaingia."

Sista mkuu alimtazama. Akamtazama Bosi, akasikiliza ile pumzi. Mimi nilikuwa tayari kwa walinzi, nimeshaanza kuvua viatu. Lakini sista aliinua gauni lake kidogo, akaivuka miguu ya Bosi, akaenda kugonga mlango wa kwanza. Halafu wa pili. Halafu akapotea kuelekea wodini.

Wakaja. Mnajua walianzaje? Walishikana mikono. "Habari za siku nyingi?" "Ah, umepotea sana!" Watu wanaofanya kazi kwenye korido moja, wanasalimiana kama ndugu waliokutana kwenye mazishi! Nilitaka kucheka, nikashindwa kwa uchungu.

Mazungumzo yenyewe hayakuchukua hata muda wa kusuka mistari mitatu ya kichwa. Walichuchumaa pale sakafuni, chupa zikapita mkono hadi mkono, wakaulizana mambo ambayo miezi yote walimuuliza wifi. Ya mate iachwe leo. Ya misuli ishuke polepole. Ya kifafa ibaki, lakini isipande. Kwa swali lolote wifi aende kwa daktari wa kifafa, yeye atawaambia wengine. Ndiyo hayo tu. Yaliyotushinda juma zima, watu watatu waliochuchumaa waliyamaliza kabla chai yao haijapoa.

"Lakini mama," daktari wa misuli akasema, "lazima ujue. Miguu itakaza tena. Kifafa kinaweza kurudi. Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilidhani atasema vile anavyosema siku zote, mnavyoona nyinyi.

"Nataka anione nikiingia," wifi akasema.

Basi ikawa hivyo. Bosi alilazwa kwa ajili ya kifua, akatoka. Miguu ilikaza kama walivyosema. Kifafa kilirudi, mara moja kilimkuta na mimi, nikakimbilia nje nikipiga kelele, na wifi ndiye aliyemgeuza ubavu, akamfuta mdomo, akangoja kipite. Nilianza kufikiri tumekosea. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, nikasikia ukelele kutoka chumba cha cherehani. Ukelele wa hasira safi. Nilimwacha mteja na chanuo kichwani. Nikamkuta Bosi amekunja sura, uji umechelewa, anamkaripia mama yake kwa sauti zote alizonazo, na macho yamemkazia, yanamfuata kila anakokwenda. Wifi alikuwa amepiga magoti mbele yake, bakuli mkononi, anacheka na kulia. Hakukumbuka kumpa uji mpaka nilipomnyang'anya bakuli.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kupenda hadithi tamu.

Tulirudi kwa karani wa miadi, wifi akaomba kwa heshima zote Bosi awekewe siku moja, aonane na wote pamoja. Karani akasema kila kliniki ina siku yake. "Lakini walikutana," wifi akasema, "pale koridoni." Karani akajibu kwamba hiyo ilikuwa dharura. Akatupatia kadi zetu, Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Niliyomwambia siyaandiki. Daktari wa kifafa ametimiza neno lake, anapiga simu, ana subira siku hizi. Ila yule wa kifua amehamishwa, na aliyekuja mahali pake ni kijana nadhifu, akamkaribisha wifi kwa bashasha na kumuuliza, "Mama, mtoto ana shida gani?"

Halafu tukaenda mazoezi.

Mtaalamu wa mazoezi alimkalisha Bosi kwenye godoro, akamshikia mgongo, akaweka mpira mwekundu mbele yake. Bosi aliuona. Aliutaka, hakuna aliyekuwa chumbani asiyeona anavyoutaka. Kidevu kilimtoka mbele, midomo ikajikaza, uso mzima ukawa unasukuma. Mkono wa kulia haukuondoka mapajani. Vidole vilikuwa vimejikunja vimekuwa ngumi. Mtaalamu akavikunjua kimoja kimoja, vikajirudia. Akajaribu tena. Bosi akautazama mkono, akautazama mpira, akaanza kulia.

"Umekaa muda mrefu bila kutumika," mtaalamu akasema. Ana roho nzuri, simlaumu. "Usijali, mama. Tutaanza upya, taratibu. Watoto hujifunza."

Wifi aliitika kwa kichwa. Akamfuta Bosi machozi, akachukua viatu vyake, akamvisha kimoja. Cha pili kilimshinda kufunga, yeye ambaye anaingiza uzi kwenye sindano gizani. Nikainama kumsaidia. Hakuniangalia, na aliposema hakumwambia mtaalamu, aliniambia mimi.

"Alikuwa ameshajua, wifi."

Nilifunga kile kiatu.